Shajara ya visu kumi na viwili

Siku ya 1

Mpango ni huu: visu na mapanga kumi na mawili, vyote vya kufuliwa kwa mkono, ndani ya wiki sita, nikiwa chini ya mhunzi mmoja mzee anayeishi mlimani juu ya mji wa Kasese. Mimi ni fundi wa kuchomelea: milango, madirisha, vitanda vya chuma. Chuma nakijua kikiwa baridi. Kikiwa moto hatujazoeana, na ndicho kilichonileta huku.

Duka moja la zawadi Kampala limesema litachukua vyote kumi na viwili likiridhika navyo. Wageni wanaokuja kupanda Rwenzori hupenda vitu vya kijijini. Hesabu ya faida nimeiandika nyuma ya daftari hili na kuipigia mstari mara mbili. Mzee nimemweleza kila kitu isipokuwa hiyo hesabu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Vya kukata nini?"

Nikasema, vya kukata chochote.

"Basi havitakata kitu, mwanangu," akasema, akaurudia moto wake.

Siku ya 2

Leo sikugusa nyundo. Nimetumwa maji, nimepepeta mkaa, nimetazama.

Karakana ni mabati manne juu ya miti ya mkaratusi. Upande wa mawio umezibwa kwa magunia, nami nikadhani ni shida ya mabati. Kumbe giza lenyewe ni kifaa cha kazi. Rangi ya chuma chenye moto husomwa kivulini. Juani chuma kilichoiva hukionea kibichi, ukazidi kukichoma mpaka kinaharibika. Ndiyo maana Mzee huwasha saa kumi na mbili asubuhi na saa tano anafunga. Baada ya hapo ni kutia mipini, kunoa na kupokea wageni, na wageni hawaishi.

Fuawe yake ni kipande cha reli, urefu wa mkono, kimesimikwa kwenye gogo. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Kipande hiki kilitokaje njiani hadi hapa sikuuliza, nanyi msiulize. Mvukuto wa ngozi ya mbuzi alishauacha zamani. Sasa ni rimu ya baiskeli, mkanda wa tyubu na feni ya bati, na mjukuu wake huzungusha kabla ya kwenda shule. Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni tindo lake. Lina tundu katikati toka mwanzo hadi mwisho, maana lilikuwa chuma cha kutobolea mwamba, na tundu lile lilipitisha maji. Mzee alifanya kazi ya kunoa vyuma hivyo Kilembe hadi mgodi ulipofungwa 1982. Marehemu baba yangu alikuwa chini ya ardhi, yeye juu. Hawakujuana, ila Kiswahili chao ni kimoja, kile cha kambi za wachimbaji, na ndicho tunachoelewana nacho mimi na Mzee, kwa kuwa Kikonzo changu ni cha salamu na cha kuomba bundu, ugali wa muhogo wa huku.

Siku ya 4

Nilikuja na mabaki ya nondo kutoka karakana yangu. Ya bure! Mzee hakubishana. Alichukua kipande cha nondo na kipande cha springi ya lori, akavichoma vyote hadi vikawa rangi ya machungwa, akavizamisha majini, akaviweka ukingoni mwa reli na kuvipiga nyundo moja moja. Nondo ikajikunja kama ulimi wa ng'ombe. Springi ikakatika kama kigae.

"Hiki kinachovunjika ndicho kinachofundishika," akasema.

Nikaja kuelewa jioni. Springi ina kaboni kama asilimia 0.6, nondo za kawaida mara nyingi hazifiki nusu ya hapo, na bila kaboni ya kutosha hata uzamishe mara kumi, makali hayasimami. Nimenunua jani moja la springi ya Fuso kwa muuza vyuma chakavu, shilingi 25,000. Mzee anasema litatoa mapanga mawili na visu vinne, mkaa ukitosha. Mkaa ndio unaouma. Tangu amri ya rais ya Mei 2023 iliyozuia mkaa wa biashara kule kaskazini, kila muuza mkaa ana sababu ya kupandisha bei, hata yule ambaye gunia lake halijawahi kuiona Gulu.

Siku ya 7

Panga la kwanza limekufa.

Siku tatu nimelifua: kulichana jani kwa tindo, kulinyoosha, kulikondesha upande wa makali huku mgongo ukibaki mnene. Mkono wa kulia hauwezi kushika kalamu vizuri, ndiyo maana mwandiko wa leo ni huu. Mzee alikuwa amekwenda mazishini na kuniachia neno moja: usizamishe mpaka nirudi. Nikaona rangi ni ile ile, maji yako karibu, kwa nini nisubiri? Nikazamisha. Kikasikika kitu kama mtu amevunja kijiti chumbani: tii. Ufa umetoka kwenye makali hadi nusu ya ubapa, mwembamba kama unywele.

Mzee aliporudi alilitazama kwa kuligeuza mara moja tu, akalitupa kwenye kona yenye maiti nyingine kama sita. Nikauliza zile nyingine ni za nani. "Zangu," akasema.

Siku ya 9

Mafuta badala ya maji. Springi haitaki mshtuko wa maji. Mafuta huipoza taratibu zaidi. Mzee hutumia oili chafu ya magari, moshi wake unakaba koo na unakaa kwenye nguo siku tatu. Nikajitia ujuzi, nikanunua mawese yaliyovuka mpaka kutoka Congo, nikayapasha moto kidogo yasigande. Yanafanya kazi. Ila harufu ni ya jikoni, na katika dakika tano watoto wa mlima mzima walikuwa wamesimama pale wakiulizia muhogo wa kukaanga. Tumerudi kwenye oili.

Jambo la maana la leo: Mzee hazamishi panga zima. Oili iko ndani ya bati refu lililokatwa kwa urefu, kama hori la kuku, na panga linalazwa kwa makali tu, kina cha kidole. Mgongo unabaki juu, bado mwekundu. Makali yawe magumu, mgongo ubaki laini upate kuvumilia. Panga likigonga jiwe, mgongo unakubali kidogo badala ya kukatika. Na ili ujue kama joto limefika kabla ya kuzamisha, ana sumaku ya spika ya redio iliyokufa, imening'inia kwa waya. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikivuti tena. Ukipandisha rangi kidogo baada ya hapo, unazamisha. Nilikuwa nadhani anabahatisha.

Siku ya 12

Hii nataka niiandike vizuri maana ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona kwenye kazi ya chuma, na nimekuwa kwenye chuma miaka kumi na moja.

Kisu kikishatoka kwenye mafuta ni kigumu mno, ukikiangusha kinaweza kukatika. Lazima ukirudishe nyuma kidogo. Mzee anasugua ubapa kwa mchanga na kipande cha gunia mpaka unang'aa, kisha analaza mgongo wa kisu juu ya chuma kingine kilichokolea moto, makali yakitazama juu. Halafu anakaa kimya. Joto linapanda kutoka mgongoni, na rangi zinapanda nalo juu ya ule mng'aro: kwanza njano hafifu kama majani makavu ya mgomba, nyuma yake kahawia, kisha zambarau, kisha buluu ya shingo ya njiwa. Zinatembea zikifuatana kuelekea makali kama mchana unavyofukuza kivuli kwenye bonde la Nyamwamba. Kisu cha kumenya anakitoa njano ikigusa makali. Panga anasubiri kahawia ikianza kuiva kwenda zambarau. Shoka, zaidi kidogo. Buluu ikifika kwenye makali ya kisu, umechelewa, makali yamekuwa laini, uanze upya.

Nimechelewa mara mbili. Ya tatu imekubali.

Siku ya 13

Mvua. Hakuna kazi.

Siku ya 15

Leo alikuja mama mmoja wa jirani na kisu cha dukani, mpini wa plastiki, akasema hakimenyi. Nikakijaribu kwenye unywele wa mkono wangu: kinanyoa. Nikamwambia, mama, hiki kiko sawa kabisa. Akanitazama kwa huruma.

Mzee akamwambia akae amenye. Kulikuwa na vichane viwili vya matoke, vya kwetu wenyewe vya mchana. Akamenya mbele yetu, na Mzee akaokota ganda moja, akanipa. Upande wa ndani lilikuwa limebeba nyama ya ndizi nene kama kidole. Mama anatumia mkono wa kushoto. Kisu chake kilikuwa kimenolewa upande mmoja tu, upande wa watu wa kulia, na ukikishika kushoto kinajizamisha kwenye nyama badala ya kuteleza chini ya ganda. Miaka yake yote ya ndoa nusu ya ndizi ilikuwa inakwenda kwa mbuzi, na watu wanamwita mvivu wa kumenya.

Mzee akachukua kisu changu nambari 5, kile nilichokuwa nimekipendeza kwa ajili ya Kampala, bado hakijanolewa. Akampima mama kiganja kwa kijiti. Akatia makali upande wa kinyume: ubapa wa kulia akauacha bapa kama kioo, wa kushoto akauteremsha kwa tupa. Akakata mpini wa mpera, mfupi, mnene mwishoni usimponyoke mikono ikiwa na utomvu. Kisha akauchoma msuka mpaka ukawa mwekundu na kuuchomeka kwenye mpini. Ukajitengenezea tundu lake wenyewe kwa moshi mweupe, na pete ya bomba mdomoni kuzuia ufa. Saa nzima na nusu.

Ganda la kwanza lilitoka jembamba, ukiliinua unaona mwanga. Mama hakusema asante. Alimenya vichane vyote viwili bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Mbuzi wangu watanilaumu."

Alilipa shilingi 8,000 na mkungu mdogo wa ndizi. Kampala nambari 5 ningeiuza 90,000. Nimeandika hapa kwa sababu nimeahidi daftari hili halitadanganywa.

Siku ya 19

Nilituma picha dukani. Majibu yamefika, marefu. Wanapenda. Ila wanaomba visu visishike kutu, ubapa uwe na mawimbi kama ya visu vya Damaski, mpini uwe wa mti mweusi, na vyote vifanane, lakini vionekane "vya asili", yaani nyundo iache alama.

Chuma kisichoshika kutu kinataka kromiamu zaidi ya asilimia 10. Springi ya Fuso haina hiyo. Hapa ndipo nilipomkumbuka Walukaga, yule mhunzi wa hadithi za Buganda, aliyeamriwa na mfalme atengeneze mtu wa chuma anayetembea, anayesema, mwenye damu mwilini. Aliyemwokoa ni rafiki yake kichaa: mwambie mfalme mkaa wa kazi hiyo hutokana na nywele za watu, mizigo elfu, na maji yake ni machozi, mitungi mia. Nimeandika jibu la kuomba magunia ya nywele. Nimelifuta. Nimewaandikia tu kwamba kisu hiki kitakuwa cheusi na ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Maana kuhusu kutu mama wa siku ya 15 ameshanifundisha. Kisu chake sasa ni cheusi tii kwa utomvu wa matoke, na anakikataza kisuguliwe. Weusi ule, anasema, ndio blanketi lake. Kisu kinachong'aa ndicho kinachoshika kutu ukikiacha na maji usiku mmoja. Nimekitazama kwa karibu: hakina doa hata moja jekundu.

Siku ya 23

Wiki hii sijafua hata kisu kimoja kipya, na nimejifunza kuliko wiki zote. Wanakuja kurudisha. Mzee mmoja alileta panga lililoliwa na jiwe la kunolea mpaka limebaki vidole viwili upana. Ningelitupa. Mzee akamwambia lilikuwa la mwaka ule mkewe alipojifungua pacha, na jamaa akakubali kwamba ndiyo, lilikuwa hilo. Likakatwa nusu: kipande cha mbele kikawa kisu cha jikoni, cha nyuma kikawa kijisu cha kukatia matawi ya kahawa, kilichopinda kidogo kama ukucha. Kijana mwingine alileta panga lililopinda kwa kung'olea mzizi, akatukanwa vizuri kwa ajili hiyo, likanyooshwa bure.

Nisiwe mwongo, panga la kiwandani si baya. Kwa kufyeka nyasi ni jepesi, na kwa shilingi 12,000 unalipata duka lolote, hata saa mbili usiku. Nimeona watu hapa wana yote mawili, la dukani kwa majani na la Mzee kwa mgomba na kuni. Lakini la dukani likipinda au likivunjika mpini, safari yake imekwisha. Yule aliyelikata kwa mashine hajui kama wewe ni mfupi, hajui kwamba shamba lako liko kwenye mteremko na unafyeka ukiwa umeinama upande mmoja. Mzee anajua. Anajua hata nani anayechimbia mihogo kwa panga huku akiapa kwamba hachimbii.

Hapo nikageuka kwenye hesabu yangu ya nyuma ya daftari na kuona kasoro yake. Nilikuwa nauza sura ya kitu, na sura ndiyo sehemu isiyomshughulisha mtu yeyote huku. Hakuna aliyewahi kuniambia panga la Mzee ni zuri. Husema: linajua kazi.

Siku ya 27

Vimefika tisa. Vilivyobaki vizima mkononi nilivifunga kwenye gunia, nikapanda boda kwenda upande wa Bwera, siku ya soko la Mpondwe, mpakani mwa Congo, nione kama vinaweza kuuzika kwa watu wa kuvitumia. Njiani kizuizi. Hapa kwetu, tangu waasi waliposhambulia shule pale Mpondwe Juni 2023, mtu mwenye mapanga ndani ya gunia hana haki ya kukasirika akisimamishwa, na sikukasirika.

"Haya ni nini, ndugu?" askari akauliza.

"Visu, afande. Vya kazi. Natengeneza na mzee mmoja Kasese."

Akaniambia nishuke, nifungue polepole, nirudi nyuma hatua tatu. Akavitandaza kwenye nyasi kimoja kimoja. Nikaona mkono wake unaanza kupunguza ukali pale alipofika kwenye kile kidogo, nambari 8, ambacho nilikifua kutokana na kipande kilichobaki bila kujua ni cha nini. Akakiweka kwenye kucha ya dole gumba kuona kama kinashika. Kikashika.

"Hiki ni cha ulezi," akasema.

Nikamwambia sijui, afande, ni cha mabaki tu. Akaniambia kwao Soroti ulezi huvunwa kichwa kimoja kimoja, kisu ndani ya kiganja, dole gumba likibana shina juu ya makali. Mama yake anatumia kipande cha bati la kopo kilichofungwa kitambaa, kwa sababu mhunzi wa kwao alikufa. Alinieleza yote hayo kwa Kiswahili cha jeshi, kile kikavu chenye amri, lakini alipofika kwenye neno kitambaa sauti ilishuka. Kisha akakumbuka yuko kazini. Akaandika jina langu, namba ya simu, namba ya boda, akanirudishia gunia.

Nambari 8 nilitaka kumwachia. Mwenye boda akanishika mkono: kumpa askari kitu kizuizini, aliye nyuma ataona nini? Tukaondoka nayo.

Sokoni nimeuza vitano kwa saa mbili. Wacongomani ndio wanunuzi wagumu: wanalipinda panga gotini, wanasikiliza linavyolia wakiligonga kwa kucha, halafu wanataka kujua liliko jiwe la kujaribia.

Siku ya 34

Duka la Kampala limejitoa, kwa adabu. Nimeichana ile karatasi ya mwisho ya daftari, nimewashia moto nayo asubuhi, imewaka vizuri.

Hali ilivyo: vimefuliwa kumi na kimoja. Vilivyokufa vitatu, vipo kwenye kona pamoja na vya Mzee. Vilivyouzwa sita. Viwili vimebaki, nambari 8 na panga moja ambalo mjukuu amekwisha kulitangaza kuwa lake. Nilizoingiza sokoni na mlimani, ukitoa springi, mkaa na boda, shilingi 31,000 na ndizi. Karakana yangu ya mjini imefungwa siku nyingi mno na mteja mmoja wa mlango ameanza kunitafuta kwa sauti.

Siku ya 36

Saa nne asubuhi alifika yule askari, nguo za raia, siku yake ya mapumziko. Nilimjua kwa namna alivyosimama. Akamsalimu Mzee kwa heshima, akakaa kwenye gogo, akasema amekuja kuchukua kile kisu.

Nikakitoa haraka. Mzee akanipokonya kabla hakijafika mkononi mwake.

"Mkono wa mama ukoje?"

Afande akaangalia kiganja chake mwenyewe, akakifunga, akakifungua. Akasema ni mdogo. Mdogo kiasi gani? Hakujua. Una vidole vyote? Kimya kidogo, kile cha mwisho cha kulia hakikunji vizuri, alisema, tangu zamani. Mzee akanyoosha kidevu kuelekea simu.

Tulisikia upande mmoja tu, na ni Kiteso, lakini ilikuwa wazi kwamba mama alianza kwa kuuliza ni nani amekufa. Ilichukua muda kumtuliza. Kisha afande akawa anasema neno, anangoja, anasema tena, na mimi nikawa naandika kila alichonigeuzia: ufito wa ulezi alioushika, umepita vidole vitatu na nusu, dole gumba linafika hapa, hataki mpini wa mviringo, unazunguka mkono ukiwa na jasho.

Mzee alikuwa amekwisha kuokota kipande cha mpera na kukipasua katikati.

Kesho: kuondoa mpini wa nambari 8. Mpya, vidole vitatu na nusu, wa pembe nne, kona zimepunguzwa. Kunoa upya, upande wa kulia. Kumtafutia afande ala ya ngozi kwa ajili ya safari ya basi.